Chuma cha Kigari na Mawe ya Mizani

Bagamoyo wanasema nilianguka. Mtu akiuliza mkono wangu wa kushoto una nini, hata aliyezaliwa baada ya mambo yale atamjibu upesi kama anaitikia salamu: "Alianguka huyo, zamani, uwanjani." Sikuanguka. Mtu aliyelala chali juu ya benchi ataangukia wapi?

Mimi elimu yangu ni ya chuoni, kusoma Kurani, na ya serikali kidogo tu, maana baba alikufa nikiwa bado nahangaika na hesabu za kutoa, nikaenda forodhani kubeba. Anayetaka maandishi ya kupambwa asome ya mwingine. Majina siandiki. Watoto wao wanasoma siku hizi, na sipendi mtoto akutane na jina la baba yake kwenye karatasi yangu. Lakini vyeo nitavitaja, na mji wetu mdogo. Wa kwanza ni nahodha wa timu yetu ya mtaa wa pwani, ambaye pia ndiye aliyekuwa mnyapara wetu sisi mahamali, wabeba mizigo. Wa pili ni askari wa zamani aliyetuletea mazoezi ya chuma. Wengine ni walioitikia, na hao ni wengi mno.

Nilikuwa golikipa. Wakati ule golikipa hakulindwa kama yai. Mshambuliaji alikuwa na haki ya kukuingia kwa bega ukiwa na mpira mikononi, na akikusukuma wewe na mpira wako mkaingia wote golini, bao. Nimeona watu wakitapika kwenye mchanga, refa anaonyesha katikati ya uwanja. Basi golikipa alitakiwa kifua cha kumrudisha mtu alikotoka na mikono ya kuufuata mpira kila upande. Kifua ninacho mpaka leo. Mikono nitaieleza.

Kampuni moja ya bandarini Dar es Salaam ilikuwa inataka golikipa. Si mpira tu. Aliyechukuliwa kudaka alipewa kazi, si kibarua cha leo upo kesho hupo, kazi ya kudumu, na chumba cha bati, na daktari ukiumwa. Bwana wao angekuja baada ya Idd kututazama sisi wawili: mimi na golikipa wetu wa akiba, mtoto wa dada yake nahodha. Mji mzima ulijua nani atachukuliwa. Mama alikwisha kunishonea mto wa sufi wa kwenda nao.

Sasa nieleze sheria ya forodhani, maana bila sheria hiyo hakuna atakayeelewa kwa nini watu wazima, wenye macho, walinitazama tu.

Tulibeba mbata za nazi, chumvi, mahindi yaliyoshuka kutoka Miono, boriti. Mzigo wa mtu mmoja unaubeba upendavyo. Boriti ndefu, au pipa, au chombo cha mashine, huo ni mzigo wa wengi. Unanyanyuliwa kwa wimbo na unawekwa chini kwa wimbo. Mnyapara hutoa, wengine huitikia, na wimbo ukiwa hewani hakuna kuachia, hakuna kubadili bega, hakuna kwenda kumshikia mwenzako upande wake. Mpaka mnyapara aseme, "Tua!" Hapo wote kwa pamoja. Si upuuzi. Mmoja akiachia mapema, boriti huruka upande wa pili ikamvunja mtu. Nimeliona hilo, na aliyevunjika nimemzika. Kwa hiyo tulifundishwa sheria ile kwa makofi tangu ndevu hazijaota, ikatuingia mwilini. Mwambie hamali wa Bagamoyo nyumba yako inaungua na wimbo haujatua, atakuuliza kwanza ubeti umefika wapi.

Yule askari aliporudi kutoka Bama, ng'ambo ya bahari, vita vya pili vya Wazungu vimekwisha, alikuwa na viatu vizito na hadithi nyingi. Alisema aliwaona askari wa Kizungu kambini wanalala chali wanasukuma chuma juu, na vifua vyao vilikuwa kama milango ya ngome. Nahodha akapenda. Forodhani palikuwa na kigari cha reli, cha kusukumia magunia, kilichooza mbao zote. Kikabaki chuma chake cha katikati na magurudumu mawili huku na huku, kimefukiwa nusu mchangani. Tukakichimbua. Tukakisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka kikatakata, kikapakwa mafuta ya nazi kisiliwe na chumvi. Wakakiita Bibi Harusi, kwa sababu kila Ijumaa baada ya sala kilitolewa kwa wimbo, kinang'aa mafuta, kinabebwa na watu wanne mpaka uwanjani.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Unalala juu ya benchi, wawili wanakuwekea chuma mikononi, wanarudi nyuma. Unakishusha mpaka kiguse kifua, unakisukuma mpaka viwiko vinyooke. Nahodha anaimba, watu wanaitikia, kila kiitikio unasukuma. Ubeti ukiisha anasema, "Tua!" na wale wawili wanakipokea. Ubeti mmoja, mtu mmoja. Sitasema uongo kwamba kilikuwa kibaya. Kilikuwa kitamu. Kinakupa uzito ambao hukujua unauweza, na ule wimbo unakunyanyua nusu ya kazi. Nilitoka pale Ijumaa natembea kama nimepanuliwa, na washambuliaji waliokuwa wakinitupa golini wakaanza kudunda kwangu.

Mawe niliyapata kwa Mhindi mnunuzi wa mbata. Alikuwa anahamia Dar, nikamsaidia kupakia, akaniambia yale mawili ya mizani yaliyokuwa yanazuia mlango niyachukue, yana ufa, hayapimi sawa. Mawe ya chuma, yenye mshikio juu, moja mkono huu, moja mkono ule. Nikatandika mkeka uani nyuma ya nyumba, nikalala, nikasukuma yote mawili kama ninavyosukuma chuma.

La kulia lilipanda. La kushoto lilifika nusu, likaanza kutetemeka kama mguu wa mbuzi aliyezaliwa jana, likaelekea usoni kwangu. Nikaliachia pembeni, pu! Kuku wakatawanyika.

Mama alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi.

"Unaua kuku au unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi."

"Hayo mazoezi mkono mmoja umekwenda, mwingine umebaki nyumbani." Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akatwanga, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, ananitazama. "Unaona? Sisi hubadilisha. Ninyi wanaume tangu asubuhi bega moja tu, bega moja tu. Huo mwingine umeulea kama mtoto wa mwisho."

Ni kweli. Tangu nianze kubeba, gunia lilikuwa bega la kulia. Kushoto kulikuwa kwa kushikilia kilemba tu. Na tena kwetu mkono wa kushoto una aibu yake. Hutoi nao, hupokei nao, huli nao, mtu hafikirii kwamba nao unataka kufundishwa. Lakini kwenye chuma nilikuwa sina mpinzani mtaani! Nililala pale mkekani nikatazama mkono wangu kama naonyeshwa ndugu nisiyemjua.

Ndipo nikaelewa tofauti, na niliielewa kwa mwili. Kwenye chuma kimoja mikono miwili inashika kitu kimoja. Wa kulia unasukuma, wa kushoto unaitikia amina kwa dua usiyoijua. Mtazamaji haoni, mwenyewe huoni, kwa kuwa chuma kimepanda. Mawe mawili hayana imamu. Kila mkono unasali peke yake, na usiojua utajulikana. Uzito wake mdogo kuliko chuma, lakini yanataka kwenda huku na huku, yanakulazimisha uyashike njiani, juu, chini, kila mahali. Na hiyo ndiyo kazi ya golikipa. Mpira haukujii kifuani kwa mikono yote miwili kila siku. Unakwenda pembeni, na mkono unaokwenda huko unakwenda peke yake. Nikakumbuka mabao niliyofungwa mwaka ule. Karibu yote kushoto. Tulikuwa tukisema bahati mbaya.

Jambo jingine lilikuwa dogo hata sikulitilia maanani. Jiwe likikushinda unaliachia pembeni, kuku wanakimbia, basi. Chuma kikikushinda, kiko juu yako.

Nikaanza kuyasukuma kila alfajiri, nikianza na la kushoto. Haukupita muda mrefu, mkono ule ukaanza kuitika wenyewe. Nikaona nimwambie nahodha. Nilimkuta forodhani amekaa juu ya gunia, wenzetu wamemzunguka wanakula mihogo.

"Nahodha, mie naomba mpaka Idd ipite nisilale kwenye chuma. Nina mawe nyumbani, yananifaa. Mkono wa kushoto umekuwa nyuma, nataka niuvute kabla huyo bwana wa Dar hajaja."

"Mawe gani?"

"Ya mizani."

Akatafuna muhogo wake taratibu, ili watu wajiweke sawa kucheka. "Jamani, golikipa wetu anafungua duka! Nipimie sukari ya nusu ratili!"

"Na chai!" mmoja akadakia.

"We golikipa," akasema nahodha, "huo mkono unaoulilia mbona una kazi yake, na kazi hiyo haihitaji mazoezi. Au siku hizi maji ya chooni yamekuwa mazito?"

Wakacheka mpaka mihogo ikawatoka. Nami nikacheka, nifanyeje. Alipoona nimecheka akaniita pembeni, akaweka mkono begani kwangu, sauti ya kaka. "Sikiliza, mdogo wangu. Siku ya pili ya Idd wanashuka watu wa mtaa wa juu. Wamesikia habari za Bibi Harusi, wanataka kuona. Wewe ndiye utakayelala. Kabla hujatupa mgongo kwenda Dar, toa heshima ya mtaa. Ubeti mmoja. Ubeti mmoja utakuua?"

Nikaenda kwa askari. Alikuwa nje ya nyumba yake anapiga kiatu rangi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Akaendelea na kiatu chake, akasema, "Kambini walikuwa navyo vile vya mkono mmoja mmoja pia. Tena ndivyo walivyoanza navyo. Ukiviweza vile, ndipo unapewa chuma kirefu. Na chuma kirefu huwezi kulala nacho bila mtu kusimama kichwani kwako, mikono yake hapa, chini yake, tayari. Ni amri."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilimwambia nahodha. Akasema mambo hayo hayana wimbo." Akatemea mate kiatu. "Mimi ni mgeni wa mambo yenu ya forodhani."

Mgeni! Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliijua ile amri, alivuka nayo bahari, akaikalia kama kuku anayeatamia jiwe.

Siku ya pili ya Idd uwanja ulijaa. Watu wa mtaa wa juu walikuja na ngoma na mwimbaji wao, wamevaa kanzu za sikukuu. Wanawake walikuwa upande wao, kivulini, mama yangu miongoni mwao. Bibi Harusi alitolewa amepakwa mafuta kuliko siku zote. Nilipomgusa, mikono ikateleza kama inashika samaki. Nikafuta viganja kwa mchanga. Nahodha alisimama mbele ya benchi, mgongo kwangu, uso kwa wageni. Wale wawili wakaniwekea chuma, wakarudi nyuma hatua zao, wakafunga mikono vifuani kama sheria inavyotaka.

Nahodha akatoa:

*Mlango wetu wa chuma, haufunguki kwa teke,*
*Mwenye kuja kujaribu, guu lake livunjike.*

Wakaitikia, nami nikasukuma. Kilipanda vizuri. Nilikuwa na nguvu siku ile, naapa, mkono wa kushoto ulikuwa unakuja. Ubeti ukaisha, nikanyoosha viwiko, nikangoja neno.

Neno halikuja. Mwimbaji wa mtaa wa juu alidaka wimbo hewani kabla haujatua, kwa sauti ileile, kwa ngoma:

*Chuma kikikaa pwani, huliwa na chumvi chote,*
*Msitambe hadharani, mtaaibika nyote.*

Uwanja ukapasuka kwa vigelegele na kelele. Na nahodha, angesema "tua" pale, angekuwa amekubali kushindwa. Akajibu. Watu wetu wakaitikia kwa hasira, na mwili wangu ukasukuma bila kuniuliza, maana umefundishwa hivyo. Yule akajibu tena. Nahodha akajibu. Zikawa beti juu ya beti, za mama zao, za samaki waliooza, za ndoa zilizovunjika, watu wanaanguka kwa kucheka, nami niko chini ya wimbo nashusha na kupandisha. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walikuwa wanatazama midomo.

Mkono wa kushoto ulikufa. Hakuna neno jingine. Ulikuwepo, kisha haukuwepo. Wa kulia ukaendelea kusukuma, kwa hiyo chuma kikainuka upande mmoja, kikateleza katika mafuta, gurudumu la kushoto likavuta chini, na uzito wote ukaja kwenye mtulinga wangu, mfupa ule wa chini ya shingo. Nikausikia ukivunjika. Mlio wake kama mua. Chuma kikakaa kati ya bega na shingo, kikabaki hapo. Nikaita. Wale wawili niliwaona, nilikuwa nawatazama machoni kutoka chini. Mmoja alinyoosha mkono, akamtazama nahodha, mkono ukarudi. Wimbo ulikuwa hewani.

Hao ni watu wema. Mmoja wao alinizikia mama. Lakini nawaandika hapa.

Aliyekuja ni mama. Wanawake hawakufundishwa sheria ya boriti. Aliona tu miguu yangu inapiga benchi, akavuka uwanja kanga imemwanguka kichwani, na wenzake wawili nyuma yake, wakalishika lile gurudumu wakalisukuma juu ya kichwa changu mpaka chuma kikaenda mchangani. Hapo ndipo nahodha alipogeuka. Akamkuta mama amepiga magoti, Bibi Harusi amelala chini.

"Mama," akasema, "mbona umeingilia? Wimbo haujatua."

Kisha akainua mkono, akasema, "Tua!" Chuma kimekwisha tua zamani. Alisema hivyo ili sheria ikamilike. Na watu wakatulia.

Fundi wa viungo wa Mkange aliniunga. Alifanya alichoweza, mfupa ukaunga, bega halikurudi. Mkono wa kushoto uliinuka mpaka usawa wa sikio, na hapo ndipo penye kikomo chake mpaka leo. Lakini bwana wa Dar alikuja kabla bandeji haijatolewa. Mama alinishika nguo. Nikaifungua bandeji mwenyewe, nikavaa fulana ya mikono mirefu, nikaenda nikasimama golini.

Alikuwa mtu mfupi, mstaarabu, kanzu na koti, kipyenga shingoni. Alirusha mpira kulia, nikaudaka. Akarusha katikati, nikaukumbatia, maumivu yakanitoa machozi nikayafuta kwa bega zima. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikaona; nilikiona chumba cha bati. Halafu akarusha kushoto, polepole, mpira wa kumrushia mtoto. Ukapita karibu na sikio langu kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Akanijia. "Mkono umefanya nini, kijana?"

Nikafungua mdomo. Nahodha alikuwa amesimama nyuma ya goli na mpwa wake. Akanitangulia.

"Alianguka, bwana. Sikukuu hizi. Alianguka mwenyewe."

"Pole sana," yule bwana akasema. "Nenda ukapone."

Nilipotaka kueleza, alikuwa ameshampungia mkono yule mpwa aingie golini. Mpwa alidaka vizuri, sina neno naye, hakufanya kosa ila kuzaliwa na dada wa mtu. Alikwenda Dar. Alipata kazi, chumba na daktari. Na lile neno "alianguka" lilibaki Bagamoyo, likakua, likaoa, likazaa.

Mto wa sufi mama aliulalia mwenyewe mpaka alipofariki.

Tangu hapo sijakaa sawa. Kubeba sikuweza tena, nikauza mkaa Kerege, nikarudi, nikalinda minazi ya watu, nikarudi. Nikikaa barazani mguu unacheza. Nikilala nasikia mikono inataka kusukuma kitu. Mawe ninayo. La kulia nalisukuma moja kwa moja, la kushoto nalipeleka linapokubali, nalirudisha. Watu hunikuta wakacheka: bado anafungua duka.

Idd hii iliyopita, asubuhi, nahodha alikuja. Siku hizi ni mwenyekiti wa timu na ana mvi. Huja kila mwaka, kama desturi, mkono wa Idd na kusameheana, nami humpa mkono wa kulia na kumtilia kahawa, hatusemi zaidi. Mwaka huu alikaa.

"Vijana wameletewa chuma kipya kutoka Dar," akasema. "Cha kiwandani, si kama kile chetu. Leo alasiri kinafunguliwa. Nataka uje ukae mbele, pamoja na wazee. Wewe ndiye uliyekuwa hodari wetu."

"Kabla sijaanguka."

Akatazama kahawa. "Mambo ya zamani, mdogo wangu. Tusameheane."

Sijui kilichonipanda. Nikayaburuta yale mawe kutoka nyuma ya mlango, nikayaweka miguuni pake. "Lala mkekani uyasukume. Mara moja tu. Kisha tutazungumza habari ya kusameheana."

Alicheka. Kisha akaona sicheki. Yeye si mtu wa kukimbia mzigo, hilo namkubalia. Akavua kofia, akakunja kanzu, akalala, nikampa jiwe mkono huu na jiwe mkono ule. Akasukuma. La kulia likapanda. La kushoto likafika nusu, likaanza kutetemeka.

Miaka yote ile ya chuma hakujua. Nikaona usoni kwake kwamba hakujua.

Mkono ukazidi kutetemeka, jasho likamtoka, jiwe liko juu ya shavu lake. Angeweza kuliachia pembeni, mtoto angeliachia. Hakuliachia. Alinikazia macho. Nilichelewa kuelewa anangoja nini. Anangoja neno! Hamali mzee yule, amelala kwangu, mimi nimesimama juu yake, na mwili wake hauwezi kuweka chini mpaka aambiwe.

Nikanyamaza. Nanyi mngenyamaza kidogo.

"Ndugu yangu," akasema, sauti imebanwa.

"Hayo hayana mnyapara," nikamwambia. "Yaachie tu."

Akayaachia, pu, pu, sakafu ikapata ufa ambao upo mpaka sasa. Akabaki amelala anahema, anatazama makuti. Nikamwambia sitaki kukaa mbele, sitaki kiti chake cha wazee. Nataka asimame alasiri mbele ya vijana aseme neno moja, kwamba sikuanguka. Akainuka. Akajifuta vumbi, akavaa kofia, akaniaga kwa adabu.

Alasiri nilisema siendi. Nikakaa, nikasimama, nikafika kizingitini, nikarudi. Wimbo ulipoanza miguu ilikwenda. Nikasimama nyuma kabisa, penye wauza karanga. Kijana amelala chini ya chuma kipya, wawili wamerudi nyuma wamefunga mikono, nahodha amesimama mbele. Lakini safari hii hakumpa mgongo aliyelala. Alisimama kichwani kwa kijana, viganja viwili chini ya chuma, akaimba akiwa ameinama. Mshororo mmoja, wa pili, na kabla ubeti haujajaa akakatiza, "Tua!" Akakipokea mwenyewe.

Watu walinung'unika. Mmoja karibu yangu akasema, "Mzee amekuwaje? Wimbo hata haujanoga."

Nahodha aliinua kichwa, akanitafuta kwa macho, akaniona. Nikangoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akamwita kijana mwingine alale.

Basi wimbo mfupi ndio nilioupata kwake. Lile neno jingine bado hajalisema, na umri unakwenda, wake na wangu. Sikuanguka.